Mpasha Habari na Mchora Mstari: Ramani za Kale za Afrika Mashariki na Swali la Utaifa Wetu

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, swali la utaifa na uzalendo ni swali tulilolizoea. Anayesahihisha majibu yake hukutana na mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ni wa wale wanaoandika kana kwamba Kenya ilikuwapo tangu jadi, kama mlima au mto, hadi mkoloni alipokuja akainyakua na mashujaa wakairejesha. Mkondo wa pili ni wa wale waliosikia kwamba mipaka ilichorwa Ulaya, nao huhitimisha kwa pupa kwamba taifa ni uzushi mtupu usio na mwenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba mikondo yote miwili ina upungufu, na kwamba njia mojawapo ya kuuziba upungufu huo ni kuzisoma ramani za kale jinsi tunavyosoma riwaya au tamthilia.

Huenda ukauliza: ramani na fasihi, wapi na wapi? Jibu ni kwamba ramani ni matini. Ina msimulizi wake, ina hadhira yake, ina lugha yake ya ishara, na kama matini yoyote ile ina mambo inayoyatamka na mengine inayoyanyamazia. Mtaalamu Benedict Anderson, aliyechapisha mwaka 1983 kitabu mashuhuri kuhusu chimbuko la utaifa, aliongeza katika toleo la 1991 sura inayoeleza jinsi sensa, ramani na makumbusho vilivyoisaidia serikali ya kikoloni kuiwazia nchi iliyoitawala. Sisi tutajifunga kwa ramani peke yake, na kwa Afrika Mashariki peke yake. Kwa kila ramani tutauliza maswali manne: Nani ameichora? Amemchorea nani? Habari amezipata kwa nani? Ameacha nini wazi?

Maneno matatu kabla ya safari

Yafaa tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Neno “ramani” lenyewe huhusishwa na “rahmani”, jina la vitabu vya mwongozo walivyovitumia manahodha wa Bahari ya Hindi. Katika vitabu hivyo nahodha alipata nyota za kufuata, pepo za msimu na umbali kati ya bandari. Kwa hiyo asili ya ramani kwa wenyeji wa bahari hii ilikuwa ni njia ya kusafiria. Haikuwa hati ya kumiliki shamba.

Neno la pili ni “mpaka”. Angalia kwamba Kiswahili hulitumia neno hili kwa namna mbili. Tunasema “mpaka wa shamba”, na tunasema “alitembea mpaka Tanga”. Katika matumizi ya kwanza mpaka ni ukomo unaotenga. Katika ya pili ni pale mtu anapofika. Kumbuka tofauti hii, kwa maana tutairejelea.

Neno la tatu ni “taifa”. Leo tunalitumia kwa nchi nzima yenye bendera na wimbo wake. Lakini muulize mzee yeyote wa Mombasa kuhusu Thenashara Taifa, naye atakutajia makundi 12 ya Waswahili wa mji huo: Thelatha Taifa, yaani Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, pamoja na Tisa Taifa, miongoni mwao wakiwamo Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa na Wafaza. Hapa taifa ni jamaa ya watu wenye asili na viongozi wao, wanaoweza kuishi mji mmoja na mataifa mengine bila mstari kupita katikati. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa mwanzo wa karne ya kumi na tisa, aliitetea Mvita kwa ushairi wakati mji wake ulipokuwa ukivutana na Lamu na watawala wa Oman. Uzalendo wake ulikuwa motomoto, ila nchi aliyoipenda ilikuwa mji na watu wake. Aliyemwambia mtahiniwa kwamba uzalendo ulianza mwaka 1963 amempotosha.

Pwani machoni mwa wageni

Sasa tuzitazame ramani zenyewe. Klaudio Ptolemy aliyeishi Alexandria, Misri, katika karne ya pili, aliandika kitabu cha jiografia kinachotaja Rhapta, mji wa biashara wa pwani yetu, na milima aliyoiita ya Mwezi ambako aliamini Mto Nile ulianzia. Ptolemy hakufika huku. Habari alizipata katika maandishi ya Marinus wa Tiro, ambaye naye alizipata kwa wafanyabiashara wa baharini. Hivyo ramani zilizotokana na kitabu hicho, zilizochapwa Ulaya kuanzia mwaka 1477, ni masimulizi ya mkono wa tatu au wa nne.

Mwaka 1154, al-Idrisi alikamilisha kazi yake huko Sicily kwa amri ya Mfalme Roger wa Pili. Ukiitazama ramani yake kwa mazoea ya darasani utadhani imepinduliwa, kwani kusini ipo juu na kaskazini ipo chini. Hakukosea, hiyo ilikuwa desturi ya wachoraji wengi wa ulimwengu wa Kiislamu wa wakati huo. Somo kubwa hapa ni kwamba hata “juu” na “chini” katika ramani ni uamuzi wa msimulizi, wala si sheria ya maumbile. Al-Idrisi anaitaja Malindi na Mombasa, na nchi ya pwani anaiita ya Zanj. Jina hilo walilitumia waliokuja kwa jahazi. Hatuna sababu ya kudhani kwamba mvuvi wa Malindi alijiita hivyo alipoamka asubuhi.

Ramani ya tatu ni ya mwaka 1502, ijulikanayo kwa jina la Cantino, mtu aliyeitorosha kutoka Ureno kwa siri na kumpelekea Mtawala wa Ferrara, Italia. Vasco da Gama alikuwa amefika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498, na huko Malindi akapata rubani wa kumvusha hadi India. Miaka minne tu baadaye, ufuo wa Afrika Mashariki unaonekana umechorwa kwa umbo linalokaribia ukweli. Lakini kuna jambo jipya: bendera za Ureno zimepandwa ufuoni. Ramani imeanza kusema “hapa ni petu”. Rubani aliyeijua njia hayumo kwenye ramani, ila aliyeongozwa ndiye mwenye bendera. Mwalimu anayetafuta mfano wa kinaya cha hali nje ya vitabu teule anaweza kuutumia huu.

Fauka ya hayo, kuna suala la bara. Kwa karne kadhaa wachoraji wa Ulaya walijaza katikati ya Afrika kwa tembo, milima ya kubuni na falme za uvumi. Mwaka 1749 Mfaransa d'Anville aliamua kufuta yote ambayo hakuwa na ushahidi nayo, akaacha bara nyeupe pe. Kitaaluma huo ulikuwa uaminifu. Hata hivyo, weupe ule ulisomwa vibaya na waliofuata: pasipoandikwa kitu pakachukuliwa kuwa hapana kitu. Sisi walimu wa fasihi tunajua kwamba kimya cha matini si ushahidi wa utupu. Ni ushahidi wa mipaka ya msimulizi.

Ramani ya koa

Ramani inayotufaa kuliko zote kwa mjadala huu ilichorwa hapa hapa pwani yetu. Wamisionari wa Kijerumani waliokuwa wakihudumu Rabai karibu na Mombasa, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, walitoa ramani iliyochapishwa Ulaya miaka ya 1855 na 1856. Ndani yake, katikati ya bara, kuna ziwa moja kubwa mno, refu na lililopinda, linaloanzia karibu na ikweta na kuteremka kusini mbali sana. Waliliita Bahari ya Uniamesi, yaani ya nchi ya Wanyamwezi. Umbo lake lilifanana na koa, yule mdudu wa jamii ya konokono asiye na gamba, na watu wa London wakaichekea ramani kwa jina hilo.

Kosa hili lilitokeaje? Erhardt alikaa Tanga mwaka 1854 akiwauliza wafanyabiashara wa pembe za ndovu habari za bara. Waliosafiri kwa njia za Tanga na Pangani walisema kwamba mwisho wa safari ni maji makubwa. Waliotoka Bagamoyo walisema vivyo hivyo. Waliotoka Kilwa nao walisema vivyo hivyo. Mchoraji akaziunganisha taarifa zote tatu, akapata maji mamoja. Leo tunajua kwamba wasimulizi wote walisema kweli: wa kwanza walizungumzia Nyanza, wa pili Tanganyika, wa tatu Nyasa. Hakuna msafiri aliyedanganya. Kosa lilikuwa katika usemi wa taarifa, pale maneno ya vinywa vingi yalipogeuzwa kuwa sentensi moja ya mtu mmoja.

Nakuomba msomaji ulitafakari jambo hili. Ramani ile ya koa ndiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke ya miaka ya 1857 na 1858, nayo ikachochea safari zilizofuata. Msingi wake ulikuwa nini? Ulikuwa mazungumzo ya Kiswahili barazani. Majina ya njia, ya vituo, ya makabila na ya maji yalitoka vinywani mwa Waswahili na Wanyamwezi. Hata hivyo, majina yaliyoandikwa pembeni mwa ramani kuwa ya watungaji ni mawili tu, na yote ni ya Kijerumani. Mpasha habari amebaki bila jina, mchora mstari amepata sifa.

Tatizo hilo hilo la tafsiri lilimkuta Rebmann mwenyewe tarehe 11 Mei 1848, alipouona Mlima Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake kile cheupe kileleni ni nini, alijibiwa kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaelewa kuwa ni theluji na akaandika hivyo. Huko London, mwanajiografia William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alikataa katakata kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta. Neno la aliyeona lilipingwa na maandishi ya aliyesoma. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga. Lakini katika historia ya ramani, mara nyingi asiyekuwapo ndiye mwenye lake.

Jina letu lilitoka wapi?

Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, anajulikana kwa walimu wa Kiswahili kwa sababu ya sarufi yake ya 1850 na kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Mkono ule ule uliokusanya maneno ya Kimvita ndio ulioandika jina la nchi yetu. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui katika himaya ya Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, Krapf aliuona mlima wenye vilele vyeupe. Jina alilolisikia kwa wenyeji wake wa Ukambani aliliandika “Kegnia”. Wakikuyu, walio karibu zaidi na mlima huo, huuita Kirinyaga. Wamaasai nao wana jina lao. Lakini lililoingia kwenye ramani ni lile lililotamkwa Kikamba, likasikiwa na sikio la Mjerumani na kuandikwa kwa tahajia yake. Likaendelea kufanyiwa ukarabati hadi likawa Kenya.

Mlima ulipewa jina hilo kwenye karatasi mwaka 1849. Nchi ilipewa jina hilo mwaka 1920, Milki ya Afrika Mashariki ilipogeuzwa kuwa Koloni la Kenya. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 71. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Kitui, Kisumu au Lamu mwaka 1900 hakuzaliwa Mkenya, kwa kuwa neno hilo halikuwapo kwa maana tuliyo nayo. Akawa Mkenya akiwa na umri wa miaka 20, na huenda habari hiyo haikumfikia. Lakini zingatia pia upande wa pili: jina lenyewe si la kuletwa na meli. Ni neno la hapa, lililotoka katika mazungumzo ya Waafrika wanaouona mlima wao kila asubuhi. Mkondo unaosema kwamba kila kitu katika utaifa wetu kilibuniwa Ulaya unasahau kinywa kilicholitamka jina.

Mstari wa mwaka 1886

Watahiniwa wengi huandika kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania ulichorwa katika Kongamano la Berlin la 1884 na 1885. Rekebisha hapo. Kongamano hilo liliweka kanuni za kugawana. Mpaka wenyewe ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwishoni mwa mwaka 1886, yakakamilishwa na mkataba wa tarehe 1 Julai 1890.

Makubaliano ya 1886 yanasomeka kama maelekezo ya safari. Anza kwenye mlango wa mto Umba karibu na Vanga. Nenda hadi Ziwa Jipe. Pita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga. Zunguka chini ya Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Kisha nyoosha hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Nyanza, pale linapokatwa na mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Unaona? Palipojulikana, mstari unapinda na kutaja majina: Umba, Jipe, Taveta, Uchaga. Hayo ndiyo majina waliyoyasikia Krapf na Rebmann kwa misafara ya Waswahili. Pasipojulikana, yaani katika nchi pana ya Wamaasai, mstari unanyooka kama uliopigwa kwa rula, kwani ndivyo ulivyopigwa. Unyoofu wa mstari ni kipimo cha ujinga wa mchoraji.

Makubaliano hayo pia yalimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda bara, kutoka mpakani mwa Msumbiji hadi Kipini. Jambo hili tutalirudia punde.

Waliokatwa na mstari ni kina nani? Wadigo, Wasegeju na Wavumba wakawa huku na huku. Wamaasai wakawa huku na huku. Wakurya vilevile. Hapa ndipo maana mbili za “mpaka” zilipogongana. Kwa mwanamke wa Vanga mwenye shangazi karibu na Tanga, Umba ulikuwa mto wa kuvuka. Alikwenda mpaka ng'ambo. Baada ya 1886, ng'ambo ikawa mpaka.

Ramani isiyotulia

Wale wanaodhani kwamba umbo la Kenya tunalolichora ubaoni ni la tangu mwanzo wanafaa kufuatilia mlolongo ufuatao.

Mwezi wa Desemba 1901 reli ilipofika Kisumu, mji huo ulikuwa ndani ya Uganda. Ndiyo maana ilikuwa sawa kuiita Reli ya Uganda. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliojumuisha Kisumu na Naivasha, ulihamishiwa Milki ya Afrika Mashariki. Watu walilala Uganda wakaamkia kwingine bila kuhamisha hata jiwe la mekoni. Mwaka 1925 Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu, ilitolewa kwa Italia. Mwaka 1926 Mkoa wa Rudolf, nchi ya Waturkana, ulitolewa Uganda ukaletwa Kenya. Katika muda wa kizazi kimoja ramani ilimegwa na kuongezwa mara tatu, na mara zote wakazi hawakuulizwa.

Karibu na uhuru suala la ramani likageuka suala la damu na machozi. Ukanda ule wa maili 10 ulikuwa bado ni wa Sultani kisheria, na Uingereza iliuongoza kwa kuukodi tangu 1895. Baadhi ya wakazi walitaka mwambao ujitawale. Tume ya Robertson ya 1961 ilipendekeza uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakakubaliana hivyo. Kaskazini, tume ya mwaka 1962 ilipata kwamba wengi wa Wasomali wa eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Matakwa hayo hayakutekelezwa, na vita vya Shifta vikafuata kuanzia 1963 hadi 1967. Mwezi wa Julai 1964, viongozi wa Afrika waliokutana Cairo waliamua kuiheshimu mipaka waliyoirithi. Hawakufanya hivyo kwa kuisifu. Walihofia kwamba kuufungua mstari mmoja ni kuifungua yote.

Hata leo mstari haujanyamaza. Mvutano wa Kenya na Uganda kuhusu kisiwa cha Migingo ulipopamba moto mwaka 2009, pande zote zilirudi kwenye maelezo ya mpaka yaliyoandikwa na Waingereza mwaka 1926. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa uamuzi kuhusu mpaka wa baharini kati ya Kenya na Somalia, na Kenya ikaukataa.

Walio ndani ya mstari lakini nje ya orodha

Kuna jambo lingine ambalo ramani haiwezi kulionyesha. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kwale, wakasoma Kwale, wakazikana Kwale, lakini kwa miongo mingi hawakuwa na kitambulisho. Enzi hizo hapakuwa na aliyewauliza wao ni nani. Oktoba 2016 walilazimika kufunga safari kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai jibu, na hatimaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wanaoishi Kwale na Kilifi, ambao wengi wao ni wavuvi, walitambuliwa mwaka 2023.

Kwa kijana aliye darasani, hili si suala la nadharia. Asiye na kitambulisho hawezi kupiga kura, hawezi kufungua akaunti ya benki, na hata cheti kizuri cha kidato cha nne huweza kukaa sandukuni bila kumfaa. Unapomfundisha utaifa, mwalimu, kumbuka kwamba huenda yumo darasani mwako mmoja ambaye mstari umempita kando.

Manufaa kwa msomaji wa fasihi

Je, haya yote yanatusaidia vipi katika uhakiki? Kwanza, yanatufundisha kuitazama mandhari upya. Chukua “Siku Njema”, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996, ambayo wengi wetu tumeifundisha. Kijana anatoka Tanga, anaingia Kenya, na safari ya kumtafuta baba yake inamfikisha Kitale. Mtahiniwa wa kawaida ataandika kwamba mandhari ni Tanzania na Kenya, kisha aendelee. Mtahiniwa makini atauliza kwa nini mwandishi ameitandaza familia moja pande mbili za mstari wa 1886, na kwa nini kinachomvusha mhusika ni nasaba na lugha. Atatambua kwamba safari hiyo inarejesha ile maana ya zamani ya mpaka, yaani pale mtu anapofika.

Pili, yanatukumbusha kwamba Kiswahili chenyewe hakikutii ramani, ila ramani ilijaribu kukiwekea utaratibu. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya maeneo manne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikaanza kazi mwaka 1930. Kimvita alichokifanyia Krapf kamusi kikabaki nyuma, kwenye mji uleule ulioandaa mkutano. Lakini mwanafunzi wa Kisumu, wa Tanga na wa Pemba akaweza kusoma kitabu kimoja. Hasara na faida ziliingia kwa mlango mmoja.

Tatu, yanatupa vigezo vya kujibu swali la utaifa kwa kina. Usiandike kwamba taifa lilikuwapo tu, wala usiandike kwamba halipo. Andika kwamba mstari ulichorwa na mgeni kwa habari za mwenyeji. Kwamba jina ni la mwenyeji kwa tahajia ya mgeni. Na kwamba maana imetiwa na vizazi vilivyoishi, vilivyosafiri, vilivyozozana na kusameheana ndani ya mstari huo. Kisha toa ithibati kutoka katika kitabu ulichokisoma.

Hitimisho

Tumeona kwamba ramani za kale hazikuugundua utaifa wetu uliokuwa umejificha mahali ukingoja kuchorwa. Zinatuonyesha watu waliokuwa na mataifa yao kwa maana ya Mombasa, miji yao, mito na milima yao, na njia nyingi za kupitana. Zinatuonyesha pia jinsi maarifa ya watu hao yalivyobebwa, yakaunganishwa vibaya au vizuri, na kurudishwa kwao yakiwa amri. Kazi ya mhakiki ni kumrudishia mpasha habari nafasi yake katika hadithi. Na kwa kuwa taifa ni kazi inayoendelea, aliye darasani leo naye ni mpasha habari. Tusimwache bila jina.

Maswali ya kujadili darasani

1. “Unyoofu wa mstari ni kipimo cha ujinga wa mchoraji.” Jadili kauli hii ukirejelea mpaka wa Kenya na Tanzania.

2. Fafanua tofauti kati ya maana ya “taifa” katika Thenashara Taifa na maana yake ya sasa. Ni ipi kati ya maana hizi inayojitokeza zaidi katika kitabu teule unachosoma?

3. Chora ramani ya safari ya mhusika mkuu katika riwaya yoyote uliyosoma. Onyesha mahali ambapo mwandishi amenyamaza, na ueleze sababu.

4. Mhoji mzee mmoja wa eneo lako kuhusu asili ya jina la mto, kilima au soko. Linganisha maelezo yake na tahajia iliyoandikwa kwenye ramani, kisha eleza kilichopotea na kilichobaki.